Chungwa likikugomea jikoni huku juu: dalili, sababu na la kufanya

Mara ya kwanza nilipopika jamu ya machungwa hapa Uyole, Mbeya, nilifuata maelezo yaliyosema nichemshe mpaka kipimajoto kisome nyuzi 105. Kilifika 99 kikawa kama kimekwama. Nikaongeza mkaa. Rangi ikatoka ya asali ikaingia ya kahawia, jikoni pakaanza kunuka sukari ya kuungua, na kipimajoto kilipofika 105 mwiko ulikuwa umenasa sufuriani kama umegandishwa kwa gundi. Sukari zaidi ya kilo ikaenda na maji.

Aliyeandika maelezo yale hakukosea. Aliandika kwa ajili ya mtu anayepikia karibu na bahari. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 300 hivi, maji yanachemkia kwenye joto lililopungua karibu nyuzi moja. Dar es Salaam maji yanachemka kwa nyuzi 100. Hapa Mbeya ni kama 94, Iringa mjini kama 95, Njombe chini kidogo ya 94. Nyuzi tano au sita zinaonekana chache, lakini zinabadilisha jamu, maharage na keki.

Tangu siku ile, kabla ya kulilaumu chungwa, najiuliza mambo mawili: mwinuko wetu umefanya nini kwenye chakula hiki, na uchachu wa chungwa umeingia chunguni wakati gani? Matatizo mengi ninayoyaeleza hapa chini yanatoka kwenye moja ya hayo. Machache yanaanzia sokoni, kwa hiyo naanza na hayo.

Ganda ni la kijani. Je, halijaiva?

Huenda limeiva vizuri kabisa. Machungwa tunayoyakuta soko la Mwanjelwa hapa Mbeya au Soko Kuu la Iringa mengi yanapandishwa kutoka kwenye joto: Kyela kwa upande wetu wa Mbeya, na mengine yanakuja kwa malori kutoka Muheza mkoani Tanga. Ganda la chungwa hupoteza ukijani usiku unapokuwa wa baridi. Mahali ambapo usiku nao ni wa joto, nyama ya ndani inaiva na kujaa sukari huku ganda likibaki kijani. Kwa hiyo usimwache muuzaji kwa sababu ya rangi. Omba akukatie moja uonje.

Lakini ukishaonja ukakuta ni chachu, jua litabaki hivyo. Ndizi ya Tukuyu ukiivundika inaiva, chungwa halivundikiki. Ukilifungia ndani pamoja na ndizi mbivu ganda linaweza kugeuka njano, ila sukari haitaongezeka hata chembe. Machungwa ya namna hiyo usiyatupe. Nayapeleka kwenye jamu na kwenye kitoweo, na huko uchachu wake unafaa kuliko utamu.

Kubwa na zuri kwa nje, ndani kavu kama pamba

Limekaa mtini kupita wakati wake, au limekaa ghalani muda mrefu. Yale makubwa yenye ganda nene ndiyo yanayopatwa zaidi. Dawa yake iko mkononi: chukua mawili yanayolingana ukubwa, moja kila kiganja, uchague zito. Uzito ni maji. Ukishabeba kavu nyumbani, kwangua ganda lake la juu uweke kwenye keki au chai ya rangi, maana harufu haijakauka.

Zito, lakini halikamuliki

Asubuhi ya Juni au Julai chungwa lililolala jikoni limekuwa baridi na gumu. Lilaze kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, kisha libiringishe mezani kwa kiganja huku ukilikandamiza.

Moja limeota ukungu, kesho ni matano

Ukungu wa kijani na wa bluu huingia kupitia jeraha: mahali lilipogongwa, lilipochubuliwa na kiroba, au kikonyo kilipochomolewa. Ukiona moja limelegea na kutoa vumbi la kijani, lizoe taratibu bila kulipuliza na ulitupe lote, maana vumbi lile ndilo mbegu ya ukungu. Usiyaoshe machungwa siku ya kununua kisha ukayarundika yakiwa na unyevu. Yatandaze kwenye ungo au tenga mahali penye hewa, na uoshe lile unalotaka kutumia. Baridi ya huku hapa inatusaidia sana; chumba chenye kivuli kinayatunza kwa wiki mbili na zaidi bila jokofu.

Juisi ilikuwa tamu asubuhi, mchana imekuwa chungu

Hili limewahi kuniaibisha mbele ya wageni. Tulikamua ndoo ya lita 20 alfajiri kwa ajili ya sendoff ya binti wa jirani, tukaonja, ikawa tamu. Saa nane mchana watu wakanywa funda moja wakaziweka bilauri chini.

Kwenye utando mweupe na kwenye mbegu kuna kitu ambacho chungwa likiwa zima hakina uchungu wowote. Ukilikamua, kikakutana na uchachu wa maji ya chungwa, kinabadilika polepole na kuwa limonini, na limonini ni chungu hasa. Inachukua saa kadhaa, na moto unaiharakisha, ndiyo maana juisi iliyochemshwa ili isiharibike hutoka chungu zaidi. Aina fulani za machungwa zina tabia hii kuliko nyingine, na yaliyovunwa mapema huzidi.

Uchungu ukianza mara tu baada ya kusaga, kosa ni blenda. Imepasua mbegu na kuchanganya utando. Toa mbegu zote kabla ya kusaga, au bora zaidi kamua kwa mkono, usiling'ang'anie chungwa mpaka tone la mwisho. Chuja papo hapo, maana juisi ikikaa na makapi inaendelea kuvuta uchungu. Na kwa shughuli, kamua saa moja kabla ya kunywa, si alfajiri. Iliyokwisha kuwa chungu huwezi kuirudisha. Tangawizi, nanasi na sukari vitaficha kidogo tu.

Juisi ikijitenga, maji meupe juu na mazito chini, haijaharibika. Koroga. Ikitoa povu lenyewe na kunuka kama pombe, imechacha, mwaga. Ukiongeza maji, yawe yaliyochemshwa yakapoa.

Ladha ya bati

Sufuria ya alumini. Uchachu unaila polepole, hasa ukilaza humo usiku kucha. Tumia ya stili, bakuli la kioo au la plastiki la chakula.

Maharage yamechemka saa tatu na bado ni magumu

Huku tunajivunia maharage, na hapa Uyole kuna kituo cha utafiti kilichotoa mbegu zinazobeba jina la mahali hapa. Lakini kila mpishi wa hapa anajua kuwa maharage yanakula mkaa. Sababu ya kwanza ni zile nyuzi 94: maji yanatokota kwa fujo, lakini hayana joto la maji ya pwani. Sasa mtu akisoma kwamba chungwa linafaa kwenye maharage, akakamulia mapema, amefunga mlango. Uchachu unafanya ukuta wa punje usilegee, na bila kulegea harage haliivi. Nyanya zikiwekwa mapema hufanya hivyo hivyo.

Loweka usiku kucha. Mwaga maji yale, chemsha kwa maji matupu mpaka punje ipondeke kwa vidole viwili bila kubishana. Hapo ndipo kitunguu, karoti na nyanya viingie. Chungwa ni la mwisho kabisa: kwa nusu kilo ya maharage, ganda la juu la chungwa moja lililokwanguliwa na maji ya mawili, dakika chache kabla ya kuipua. Ladha yake inaamsha maharage bila kuyafanya yaonje kama tunda. Na kuna faida ya mwili ndani yake nitakayoieleza baadaye.

Kama umeshakosea, mwaga mchuzi ule mchachu, weka maji mengine ya moto, endelea. Magadi kidogo sana husaidia kulainisha, ila yakizidi yanaleta ladha ya sabuni na kuharibu vitamini B1 iliyomo.

Wali wa machungwa umeungua chini, juu una kiini

Umepika kwa juisi tupu. Sukari ya juisi inashika sufuria, na uchachu unafanya punje zibaki ngumu. Changanya juisi kikombe kimoja kwa maji vitatu, na tupia kipande kirefu cha ganda kisicho na weupe. Kwa mchele wa Kyela mimi naacha kabisa. Ule una harufu yake, na kuifunika ni kuuonea.

Kuku aliyeungua nje akabaki mbichi ndani ni ndugu wa tatizo hilo hilo: sukari ya chungwa imeungua kabla nyama haijaiva. Mchome kwa chumvi, vitunguu saumu na tangawizi, umpake maji ya chungwa dakika tano za mwisho.

Chai ya maziwa imekatika

Uchachu ukikutana na maziwa ya moto, maziwa yanaganda mabonge. Ukitaka harufu ya chungwa kwenye chai ya maziwa, tumia kipande cha ganda tu, bila nyama wala maji yake. Maji ya chungwa yaende kwenye chai ya rangi. Vivyo hivyo kwa uji: kamulia kwenye uji usio na maziwa, ukiwa umeshaipuliwa na kupoa kiasi cha kunyweka, maana vitamini C haipendi moto.

Jamu

Hapa ndipo ninapopigiwa simu nyingi zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vipimo vyangu ni machungwa kilo 1, malimau 2, maji lita 2, sukari kilo 1 na robo. Kamua, kata maganda nyuzi nyembamba, funga mbegu na weupe wa ziada kwenye kitambaa safi cha chachi, loweka vyote usiku kucha. Asubuhi chemsha mpaka maganda yalainike na maji yapungue kama nusu. Kamulia kitambaa humo ukitoe. Kisha sukari, ikoroge iyeyuke yote, halafu moto mkali.

*Haigandi.* Kinachogandisha ni pektini, nayo imejaa kwenye mbegu na ule weupe ambao wengi wanautupa. Ukiutupa, umetupa jamu. Pektini nayo inahitaji uchachu, na machungwa matamu hayana wa kutosha, ndiyo maana malimau hayaachwi. Ukibahatika kuletewa madanzi, yale machungwa machungu, kutoka pwani, yapikie jamu bila kufikiri mara mbili. Uchungu na uchachu wake ndivyo jamu inavyovitaka. Sababu nyingine ni kuipua mapema, au kinyume chake: kuchemsha kwa moto hafifu kwa muda mrefu mpaka pektini ikavunjika. Sufuria ikijaa sana ndiyo hutokea hivyo. Pika kidogo kidogo.

*Imekuwa peremende.* Hiyo ndiyo hadithi yangu ya mwanzo. Jamu iko tayari joto lake linapozidi la maji yanayochemka mahali ulipo kwa nyuzi nne hivi. Pwani hiyo ni 104 au 105. Mbeya ni 98 au 99. Usichukue namba ya mtu, chemsha maji matupu kwanza kwa kipimajoto chako, soma, ongeza nne.

Huna kipimajoto? Wengi hatuna, na wala si lazima. Weka kisosi nje alfajiri ya Julai kitakuwa baridi kama cha jokofuni. Dondoshea tone la jamu, subiri dakika moja, lisukume kwa kidole. Likijikunja ngozi juu, ipua. Likitiririka, rudisha moto dakika tatu ujaribu tena. Wakati unapima, sufuria iwe nje ya moto.

*Maganda ni magumu kama raba.* Sukari imeingia kabla hayajalainika. Ikishaingia hayalainiki tena, hata upike mpaka jioni. Kwa mwinuko wetu maganda yanaweza kuchukua saa mbili, wakati maelezo ya kwingine yatakwambia saa moja. Bonyeza kwa vidole, usiangalie saa.

*Maganda yote yamepanda juu ya chupa.* Umeimimina ikiwa ya moto mno. Iache robo saa itulie, ikoroge, ndipo ujaze.

*Ina chengachenga za sukari.* Sukari haikuyeyuka kabla ya kuchemka, au imezidi. Ipashe na maji kidogo na limau.

*Imeota ukungu.* Sukari ilipunguzwa, au chupa haikuwa safi na kavu. Hapa pia mwinuko unatudai: chupa zikishajazwa jamu na kufungwa ziive kwenye maji yanayochemka dakika 10 kwa Mbeya na Iringa, na 15 kwa Njombe na Makete, kwa kuwa maji yetu yana joto pungufu la kuua wadudu. Jamu yenye ukungu usiikwangue juu ukaila. Itupe.

Keki ya chungwa imeumuka vizuri, kisha ikadidimia katikati

Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo mapovu yanatanuka haraka kabla unga haujashika. Ukiongezea uchachu wa chungwa unaoharakisha soda, keki inapaa na kuanguka. Kwa kila vijiko viwili vya chai vya beking pauda, tumia kimoja na nusu. Punguza sukari kijiko kikubwa kimoja kwa kila kikombe, ongeza maji au juisi vijiko viwili kwa kila kikombe cha maji yaliyotajwa. Moto uwe mkali kidogo mwanzoni ili keki ishike mapema; kwa sisi wa sufuria na mkaa, maana yake makaa mengi zaidi juu ya mfuniko kuliko chini.

Keki isiyonukia chungwa ingawa umeweka juisi nyingi: harufu haiko kwenye juisi, iko kwenye mafuta ya ganda. Osha chungwa kwa maji ya uvuguvugu na brashi, kwangua rangi ya juu tu, uache weupe, na uisugue pamoja na sukari kwa vidole kabla ya kuchanganya kitu kingine.

Nakula machungwa, mbona mwili haubadiliki?

Chungwa la wastani lina vitamini C kama miligramu 70, zaidi ya kile mtu mzima anachohitaji ili asipungukiwe kwa siku. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwajaribu mabaharia 12 waliokuwa na kiseyeye, fizi zikivuja damu. Wawili waliopewa machungwa na limau walipona upesi kuliko wenzao. Mwili wetu hauitengenezi vitamini hiyo, inabidi iingie na chakula.

Lakini usilitegemee lizuie mafua ya Julai. Anayekula mara kwa mara huenda mafua yake yakaisha mapema kidogo. Anayeanza kukamua baada ya pua kuziba hafaidiki sana.

Faida ninayoitilia mkazo ni ya damu. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, ulezi na mboga za majani ni magumu kufyonzwa na mwili. Vitamini C ikiwa kwenye mlo huo huo inasaidia yafyonzwe zaidi. Chai inafanya kinyume, na sisi tunaoishi katikati ya mashamba ya chai ya Rungwe, Mufindi na Njombe tunashushia kila mlo kwa chai. Sogeza chai mbele angalau saa moja, ule chungwa pale ulipokuwa unaweka kikombe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ukiwa asilimia 56.9 Iringa, 50.4 Njombe na 49.8 Rukwa, mikoa inayolisha wengine. Chungwa peke yake haliwezi kuondoa hilo. Lakini mtoto anayekula maharage na ulezi anastahili kupata chuma kilichomo, na huo ni mpangilio wa sahani tu.

Kiungulia kikikusumbua, usile chungwa kwenye tumbo tupu wala karibu na kulala. Meno yakiwa yanashtuka, sukutua kwa maji na ungoje nusu saa kabla ya mswaki. Mwenye kisukari ale chungwa zima lenye nyuzinyuzi zake. Bilauri ya juisi ni machungwa matatu au manne yenye sukari yote bila nyuzinyuzi. Mgonjwa wa figo aliyekatazwa potasiamu amuulize daktari kwanza. Na anayetumia dawa za presha au za mafuta kwenye damu amweleze mfamasia kabla ya kula balungi au jamu ya danzi, kwa sababu hayo mawili hubadilisha kiwango cha baadhi ya dawa mwilini.

Mtoto chini ya miezi 6 hapewi, maziwa ya mama yanamtosha. Akianza kula, mmenyee, ondoa mbegu na utando, mpe nyama laini vipande vidogo pembeni ya maharage yake yaliyopondwa. Juisi isubiri mpaka atimize mwaka.